Mtaji wa Darasa la Pili

Ubao wa darasa la pili la sekondari ulikuwa na sentensi moja ambayo haikufutwa: Mtaji hauguswi. Papa Anatole, mwalimu wa hesabu, aliiandika siku darasa lilipoanza biashara yake, na tangu hapo kila aliyefuta ubao alipitisha kitambaa pembeni yake kwa uangalifu.

Biashara ilikuwa ya ndagala, dagaa wa ziwani. Siku za giza, mwezi unapokuwa haupo na wavuvi wanatoka na taa, wanafunzi walishuka ufukweni alfajiri, wakanunua beseni mbili kwa mama wauzaji, wakazitandaza kwenye mchanga karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Walipokezana kuzilinda dhidi ya kunguru na mvua. Zikikauka zilijazwa magunia na kuuzwa kwa wasafiri wa treni ya Kabalo. Faida ililipa minerval, yaani ada ya shule, ya wale ambao wazazi wao walishindwa, na mwaka ule wa themanini na nne walioshindwa walikuwa wengi.

Sanduku la fedha alilishika Florentine. Walimchagua kwa sababu hakubembelezeka. Siku moja mwalimu mwenyewe aliomba akopeshwe fedha ya chumvi mpaka Jumatatu, naye akamwuliza, "Papa Mwalimu, ubao unasema nini?" Darasa lilicheka, mwalimu akacheka pia, akarudi nyumbani bila chumvi. Florentine alikuwa na sababu yake. Mama yake aliuza mihogo ya kuchemsha kituoni, na minerval yake ilitoka ndani ya sanduku lile lile.

Katika majira ya mvua, upepo wa ziwa uliupindua mtumbwi wa baba yake Valère, mwanafunzi mwenzao. Mzee Isidore alikuwa mtu wa Zongwe, kijiji cha kando ya ziwa, mvuvi tangu utoto. Walimpata baadaye kwenye matete, na kilio kikawekwa nyumbani kwake, mtaa wa Kataki.

Mjini kwetu kundi haliendi kilio mikono mitupu. Kwaya, timu ya mpira, watu wa ofisi moja, darasa la shule: wote huingia uani kwa mstari, huweka sahani yao ya fedha mkekani, na mtu wa ukoo husimama kuitangaza mbele ya watu.

"Florentine, fungua sanduku," alisema Lambert, aliyekuwa mtani wake wa kila siku. "Tunaenda ku kilio."

"Faida haijaingia. Magunia yangali hapa. Iliyomo ni mtaji."

"Papa ya Valère amekufa, weye unasema mtaji?"

"Nikiitoa leo, siku za giza tutanunua ndagala na nini? Na minerval? Prefe wa shule atafukuza wasiolipa kwa Pasaka, Lambert. Weye wa kwanza."

"Basi nitafukuzwa nikiwa muntu."

Christiane akasema wamwulize mwalimu. Papa Anatole aliwasikiliza wote mpaka mwisho.

"Sheria ni yenu, mliipigia kura," alisema. "Florentine njo mtunzaji. Siwezi kumwamuru."

Alitaka wajifunze kuamua wenyewe. Florentine alimtazama kama mtu aliyetumaini kutuliwa mzigo, akaliweka sanduku chini ya deski.

Walienda na kuni. Walizikata wenyewe mlimani, wakazifunga vizuri, wakazibeba vichwani mpaka Kataki. Mzee wa ukoo alizitazama, akaangalia kama kuna sahani nyuma yao, kisha akatangaza: "Wanafunzi, wenzake Valère. Wameleta kuni."

Mama mmoja aliuliza, si kwa sauti kubwa, "Hawa njo wenye sanduku?"

"Njo hao," alijibu mwenzake.

Valère alikuwa ameketi kando ya baba yake mdogo, kichwa kimenyolewa. Alizitazama kuni, kisha akainamisha uso.

Siku za giza zilipofika, Florentine na Lambert walishuka ufukweni na fedha kamili. Mitumbwi ilikuwa imejaa. Mama Agathe, ambaye siku zote aliwauzia kabla ya wengine, alikuwa na beseni mbele yake, ndagala zikimetameta.

"Jambo, Mama Agathe. Tumefuata zetu mbili."

"Jambo, mwanangu. Hizi zina mwenyewe."

"Na zile?"

"Na zile."

Walisogea kwa Mama Denise.

"Yangu nauzia watu ninaofahamiana nao," alisema, akiendelea kupanga.

"Mama, si unatufahamu? Miye Florentine, mutoto wa Mama Claudine wa mihogo."

"Nilidhani hivyo pia."

Hakuna aliyewatukana. Waliulizwa hata habari za shule. Lakini kila beseni ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa wao. Walipopanda njia ya kurudi Lambert alisema, "Sanduku limejaa. Tuanike feza, tuipeleke Kabalo." Alisubiri Florentine acheke, na hakucheka.

Asubuhi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena. Mwezi ulianza kuonekana jioni, mwembamba. Prefe alikwisha kutangaza siku ya mwisho ya minerval.

Ndipo Florentine alipoliweka sanduku juu ya meza ya mwalimu, mbele ya darasa lote. Kiti cha Valère kilikuwa kitupu. Tangu msiba hakuwa amerudi.

"Chumvi ya kunyunyizia ndagala tunaitoa wapi?" aliuliza.

"Kwenye mauzo," alijibu Christiane. "Kabla ya kuhesabu faida."

"Na magunia?"

"Vilevile."

"Na kilio?"

Christiane aligeukia kiti cha Valère.

"Kilio ni kama chumvi," alisema Florentine. "Ni gharama. Hapa watu wanakufa kila mwaka, tunajua, na hatukuitengea kitu. Miye nililinda sanduku, lakini ndagala haziuzwi na sanduku, zinauzwa na watu, na watu waliziona kuni zetu."

Papa Anatole alikuwa amesimama nyuma, karibu na dirisha. "Kwa hiyo sheria ilikuwa mbaya?"

Florentine aliutazama ubao. "Hapana, Papa. Sheria ni nzuri. Hesabu njo ilipungukiwa."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole. Kitabu alichojifunzia biashara, peke yake, nyumbani kwake, kilikuwa na sura nzima juu ya gharama. Hakikuwa na neno kilio.

Walipiga kura, wakatoa nusu ya mtaji, wakaiweka kwenye sahani. Baada ya masomo waliingia kwa mstari uani kwa Mama Bertille, mjane. Mikeka ilikwisha kukunjwa na turubai limerudishwa parokiani. Mama Bertille aliwatazama mmoja mmoja.

"Mumechelewa, watoto wangu. Valère ameondoka jana na baba yake mdogo. Wako Zongwe. Mtumbwi ulipotea na nyavu za watu, inafaa zilipwe."

Florentine alipiga magoti na kuinyoosha sahani kwa mikono miwili. Mama Bertille aliipokea. Akamwita jirani aje kushuhudia, na jirani akasimama mahali pale pale aliposimama mzee wa ukoo, akatangaza jina la darasa na kiasi cha fedha, kwa sauti ya kutosha, ijapokuwa uani hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia.

Asubuhi iliyofuata Mama Agathe aliwapimia. Fedha iliyobaki ilitosha beseni moja, na siku za giza zilikuwa zimekwisha. Pasaka ilipofika, faida ililipa minerval ya watu wachache. Florentine alisoma orodha, akalitaja jina lake mwisho, na fedha haikufika kwake. Darasa lilitaka kupunguza mtaji kwa ajili yake. Alikataa.

Kwa hiyo mwezi uliofuata alishuka ufukweni bila sare ya shule. Alinunua ndagala za darasa, Lambert akazibeba mpaka mchangani, kisha akakimbia kuwahi kengele. Mtumbwi wa Zongwe ulikuwa umetia nanga. Valère alishuka, suruali imekunjwa magotini, mikono imechubuka kwa kamba.

"Leo hakuna shule?" aliuliza.

"Iko."

Valère alimtazama, akaona hana sare, akaelewa.

"Papa Mwalimu anauliza utarudi lini," alisema Florentine.

"Mwambie nyavu kwanza." Kisha akauliza, "Nani analinda ndagala?"

"Miye. Nina siku nzima."

Valère alitazama mtumbwi, ambao haungeondoka kabla ya jioni. Akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaanza kutandaza ndagala, akizitenganisha kwa vidole zisishikane.