Digrii ya Raelynn

Jumapili baada ya kanisa, dada yangu Raelynn alitandaza mezani karatasi za vyuo vitatu vya hapa Oklahoma. Alitaka digrii ile ya kuchanganya masomo, ambayo hata masomo ya zamani yanahesabiwa, kwa sababu aliwahi kusoma uuguzi kidogo na uhasibu kidogo, akaviacha vyote. Mama alikuwa anamsifia utadhani kashahitimu. Mimi niliacha shule darasa la kumi, nachomelea matrela, na sijawahi kusifiwa hivyo. Wivu ukanikaba.

"Hiki cha bei nafuu achana nacho," nikamwambia. "Masomo yako ya zamani hawayahesabu. Jamaa wa kazini kaniambia."

"Jamaa gani? Nyie huko mnajua kuhesabu nini zaidi ya makopo ya bia?"

Kesho yake akapiga simu chuoni. Jioni tukiwa tunakula akaniambia, "Wanayahesabu yote, mwongo wewe. Na nimewauliza kuhusu cheti chako cha kuchomelea. Nacho wanakihesabu, ila ufanye kwanza mtihani wa kumaliza sekondari."

Bora angeishia kunitukana. Kumwonea wivu mtu aliyekuulizia nafasi ni kazi ngumu, lakini niliendelea nayo mpaka sahani zikaondolewa.