Sufuria ya Hesabu na Fizikia

Léonie alimsindikiza binti yake chuo kikuu akiombea kitu kimoja tu: Uwitonze akataliwe asubuhi, ili mchana ampeleke kuandikishwa shule ya wauguzi. Bénita, mdogo wake Léonie, muuguzi wa kituo cha afya pale Majengo, Goma, alikwisha kumwekea nafasi. Muuguzi halali njaa. Vita ije, vita iende, watu wanaugua. Lakini mtoto alikuwa amekaza shingo kwamba anataka hesabu na fizikia, vyote viwili katika digrii moja. Juu ya pikipiki waligombana njia nzima, mpaka dereva akaongeza mwendo ili awashushe upesi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na madirisha yasiyo na vioo. Wazazi walijipanga barazani na kusikia kila neno. Ndani walikaa maprofesa wawili, Dieudonné wa hesabu na Josias wa fizikia, kila mmoja amemgeuzia mwenzake bega. Anayekataliwa na mmoja amekataliwa na wote wawili.

Upande wa hesabu Uwitonze alipita bila kukwama. Ndipo Josias akaegemea kiti.

"Mama yako akiteleka maharagi, maji ya ile sufuria yanachemka ku digri ngapi?"

"Ku cent. Mia kamili."

"Huyu amekomalia huku juu ya milima, anajibu kama mutu wa pembeni ya bahari. Hujateleka hata siku moja?"

"Hapana, Papa Profesa. Tangu nilikuwa finaliste, mama alinikataza moto."

Baraza zima likamgeukia Léonie na kucheka. Ni desturi, mtoto anayengojea mtihani wa taifa hapewi kazi nyingi za nyumba. Ila Léonie alikuwa amepitiliza. Kwake mtoto hakugusa hata kipepeo cha kupulizia mbabula, lile jiko la makaa.

Josias alisema huyo mama amefuga kichwa akasahau mikono. Akamshauri Uwitonze ajiandikishe kwa hesabu tu, kwani fizikia si kazi ya mabibi wa kulishwa. Uwitonze akajibu kwamba anaomba vyote viwili.

"Basi rudi lundi uniambie ni digri ngapi, na ju ya nini. Ukikosea, usikanyage hapa tena."

Léonie alikuwa karibu kupata alichoombea. Mbona basi lile neno la mabibi wa kulishwa lilimchoma kama mwiba wa samaki wa sambaza? Walipita njia ya shule ya wauguzi, hakumwambia dereva asimame. Alikwenda moja kwa moja kwa Bénita, akachukua termometre mezani bila kueleza neno, akarudi nyumbani, akawasha mbabula na kuteleka maharagi. Maji yalipoanza kuruka, akaichovya ndani.

Tak! Kioo kikapasuka, na zebaki ikatawanyika kati ya maharagi kama shanga.

"Mama, hiyo ni ya homa," Uwitonze alisema. "Inaishia ku quarante-deux, arobaini na mbili. Mutu akipita pale, ni maiti."

"Kumbe unajua kusema. Kule mbele ya yule muzee ulimuachia nani mudomo?"

Zebaki ni sumu; maharagi yakafukiwa, sufuria nayo ikatupwa. Léonie akamwambia bintiye kwamba sasa hizo hesabu ndizo ziwashibishe. Uwitonze aliinama kwenye mbabula. Aliokota kaa lililozimika, akaanza kuandika ukutani: kimo cha Goma juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa, mistari juu ya mistari. Mama yake alipomuuliza ni uchawi gani huo, alimweleza kwa shingo upande. Hewa inakalia maji kama kifuniko. Huku juu kifuniko ni chepesi, maji yanakimbilia mvuke kabla ya kupata moto wa kutosha, na maharagi yanakawia.

Miaka yote Léonie alikuwa akimtukana muuza makala, kwamba makaa yake hayana moto.

Lundi ile, siku ya Jumatatu, Uwitonze alisimama mbele ya meza ileile. "Quatre-vingt-quinze. Tisini na tano."

"Ulipima na nini?" Josias akauliza.

"Sikupima. Termometre ilipasuka. Nilihesabu."

"Hesabu haiko kipimo."

"Pima basi, Josias," Dieudonné alisema bila kumtazama. "Ao unaogopa?"

Josias akaleta jiko la maabara na termometre yake ndefu. Walingoja mpaka maji yakachemka. Uzi mwekundu ulipanda, ukapanda, ukasimama kwenye tisini na tano, na haukutaka tena kusonga. Josias akatia sahihi kwenye karatasi ya Uwitonze, karibu na ya mwenzake, akamsukumia.

"Usizani nimekupenda."

"Hata mimi, Papa Profesa."

Nje, Léonie alikuwa amekwisha kuita pikipiki. Alisema Bénita anadai termometre yake, na atakayekwenda kumwambia imepasukia wapi si yeye.

"Mama, wamenikubali."

"Nimesikia. Haya masikio hayako mapambo. Panda. Leo maharagi utateleka wewe, na uyaweke mapema. Huku kifuniko ni chepesi."