Mwanzo Mgumu wa Spana

Spana alibatizwa ndevu zikiwa zimeanza kuingia mvi, na kwa wiki za kwanza alitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya. Jina hilo alipewa gerejini kwake, kwa kuwa hakuonekana bila spana mfukoni, na hata mkewe alilizoea. Aliyempeleka kanisani alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi asiyejua kukata tamaa.

Kilichomrudisha nyuma ni kicheko. Jumatano moja, katika kikundi cha kujifunza Biblia, aliombwa asome kwa sauti. Shule aliiacha mapema, na alisoma kwa kuokota silabi moja moja, kama anayechambua mchele. Palipoandikwa kwamba mavuno ni mengi, akasoma kwamba maovu ni mengi. Mzee mmoja akasema hata hivyo hajakosea, na chumba kizima kikaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini Spana alihisi masikio yanawaka moto. Jumatano iliyofuata akasema ana gari la mteja. Iliyofuata tena, ana mafua. Biblia yake ikapanda juu ya kabati, ikalaliwa na sanduku la mashuka.

Mkewe alivumilia kwa muda, kisha akamwambia dada yake. Shemeji hakumngoja nyumbani. Alifika gerejini saa ya chakula cha mchana, akapita katikati ya mafundi, akageuza kreti tupu la soda akaketi, na kutoa Biblia mkobani.

Spana alimweleza mapema ili asipoteze muda wake: yeye ni mtu wa kazi za mikono, maandishi hayamwingii. Alijaribu kuanza mwanzo kabisa, akakutana na fulani alimzaa fulani, akasinzia.

"Wahenga walisema mwanzo mgumu," alisema. "Na mimi ndipo nilipokwama, Mwanzo."

Shemeji alicheka, lakini hakuinuka. Alikiri kwamba zipo kurasa ambazo yeye mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo, huzipita kama anayevuka tope, na bado huzirudia.

"Sikuja kukufundisha, shemeji," alisema. "Nimekuja tusome. Wewe soma, mimi nifuatishe kwa kidole. Ukijikwaa utainuka, tutaendelea."

"Mbele ya hawa wote?"

"Hawa wamekuona umelala chini ya magari, oili hadi kwenye nyusi. Aibu gani imebaki?"

Basi wakaanza, na ikawa desturi yao kila mchana. Spana alisoma polepole mno, na mwendo huo ukazaa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: mafundi walianza kusikiliza. Walipofika mahali Yakobo anavishwa na mama yake ngozi za mbuzi ili amdanganye baba yake kipofu na kumnyang'anya kaka yake Esau baraka, mpiga rangi alizima mashine yake kabisa. Akasema yeye si mtu wa kanisa, lakini mama yule amekosea, na Esau ana haki ya kukasirika.

Hapo sauti ya Spana ilififia. Gereji ile aliianzisha na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Asubuhi moja alikuta kabati la zana liko wazi na tupu. Mdogo wake alikuwa amefungua gereji yake mtaa wa tatu, na wateja wazuri amewabeba. Tangu hapo hawakusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja huvuka barabara.

"Hapa tuparuke, shemeji," alisema.

Shemeji alijua yote hayo. "Likikugusa penye kidonda ndiyo uache?" aliuliza. "Soma."

Akasoma, meno ameyauma.

Siku walipofika mahali Yakobo anarudi nyumbani, na habari zimemfikia kwamba Esau anakuja kumlaki na watu mia nne, mteja aliingia na gari linalotoa moshi, na kitabu kikafungwa. Kesho yake shemeji alituma ujumbe: shule zinakaribia kufunguliwa, sare zimemfika shingoni, hatakuja wiki hiyo. Mpiga rangi alinung'unika kutwa nzima kwamba hajui nani ameuawa.

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, Spana aliteremsha sanduku la mashuka, akaitoa Biblia yake na kuifuta vumbi. Mkewe alikuwa akimenya viazi. Spana akasoma kwa sauti, peke yake, bila kidole cha mtu. Alipofika mahali fulani akasimama, akarudia, akarudia tena.

"Hebu nisomee hapa," alimwambia mkewe. "Isije ikawa mavuno na maovu tena."

Mkewe aliweka kisu chini, akasoma. Hakukosea. Esau alikuwa amekimbia kumlaki ndugu yake, akamkumbatia, wakalia wote wawili.

"Kumbe aliyedhulumiwa ndiye aliyekimbia," Spana alisema.

Kesho yake alipofunga kazi alikwenda mtaa wa tatu. Mdogo wake alipomwona alishika chuma cha kubandulia tairi kama mtu aliyejiandaa. Spana alikuwa ametunga maneno njia nzima. Yote yakamtoka kichwani.

"Nimekuja kukusalimia," alisema.

Mdogo wake hakumkumbatia. Alifuta mikono kwa muda mrefu, kisha akamletea kiti. Wakaongea habari za goti la mama yao. Wakati wa kuagana, mdogo wake alisema, akitazama chini, kwamba zile zana bado anazo.

"Sikufuata zana," Spana alijibu.

"Najua, kaka. Nitakuja Jumapili."

Na alikuja, akala, ingawa maongezi yalikuwa mazito.

Spana alirudi kwenye kikundi. Bado hujikwaa, na mara nyingine watu hucheka, naye hucheka nao kisha akaendelea na mstari. Siku hizi amefika katika kitabu cha Kutoka, kwenye vipimo vya hema na mapazia yake, mahali ambapo mpiga rangi alimkimbia na shemeji mwenyewe alimshauri asione haya kwenda taratibu. Spana akamjibu kwamba asingeyavumilia yale majina ya waliozaana, asingemfikia Esau, na hajui nani mwingine anamngoja mbele. Kisha akaweka kidole chake chenye oili chini ya neno lililofuata.