Zulia Tulilolidai Wenyewe

Zamani, bosi akimfukuza mmoja wetu, sote tulisimama. Hatukubeba mabango wala kuimba. Ni viti vya chuma tu, vikiburuzwa kwa pamoja kwenye sakafu ya saruji, ukumbi mzima wa kupokea simu, mpaka chai ya mabosi ikatikisika vikombeni. Mwenzetu alirudishwa kazini kabla hatujaketi.

Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, mwanamke asiyemung'unya maneno. Yeye ndiye aliyetudaia utulivu, maana kwa kelele za viti na simu wateja walikuwa hawasikiki; akadai zulia sakafuni, na kuta za mbao kati ya meza na meza. Kampuni ilikubali haraka mno. Tukashangilia, wajinga sisi, na keki tukakata.

Kisha wakataka tusome maneno kwenye kinasa sauti, mashine ijifunze kujibu simu kama sisi. Wifi akagoma, akasema hatujichimbii kaburi. Asubuhi moja wakamwita ofisini. Tulikuwa tumeshakubaliana: jina lake likizimika kwenye skrini zetu, ujue amefukuzwa, simama.

Likazimika. Nikavua hedifoni, nikasimama. Ukuta ulinipita kichwa. Nikatega sikio nisikie kiti cha jirani, hata kimoja tu. Kimya. Nikamfikiria mwanangu, nikaketi.

Jioni, nyumbani tunakoishi wote, wifi aliniuliza, "Hata wewe?"

"Nilisimama, haki ya Mungu!"

"Nilikuwa nasikilizia viti mle ofisini, wifi. Sikusikia kitu."

Kesho yake ukumbini kila mtu aliapa kwamba alisimama. Niliwacheka usoni. Niliwaita waongo na waoga, nao wakanirudishia vilevile, bila kupunguza. Mkutano wa chama uliofuata tulikuja watu wanne, na baada ya hapo hakuja mtu. Maneno ya kinasa sauti tukaenda kuyasoma mmoja mmoja, macho chini. Mashine ikajifunza, na watu wakaanza kuondolewa meza baada ya meza.

Wiki iliyopita zamu ilimfikia msimamizi, tuliyempachika jina Masikio kwa kudukua simu zetu. Mashine inadukua vizuri kuliko yeye. Nilimkuta akipanga vitu vyake kwenye boksi.

"Siku ile ya wifi yako mlitutia kiwewe nyie," akasema. "Tuliwaona kwenye kamera. Mlisimama wote, ukumbi mzima. Meneja alishasema basi, mama wa watu arudi mezani kwake. Mara tukaona mnaketi, huyu, na huyu, na yule."

Nikawakumbuka watu niliowatukana; wengine wameshaondoka na matusi yangu.

Nilifika nyumbani nikihema. Wifi alikuwa uani anafua nguo za watu, kazi anayoifanya tangu siku ile. Nikamweleza yote huku nalia.

"Tulisimama wote, wifi! Ni lile zulia. Hatukusikiana!"

Alikamua shati mpaka tone la mwisho, akalitundika kambani, akanitazama bila hasira yoyote. Afadhali angenitukana.

"Ukuta si ulikuwa wa mbao?" akasema. "Ungegonga."