Ngozi ya Nyange

"Rudia," alisema Damiani, karani aliyekuwa akimfundisha. "Na usitazame chini."

Kefa alisimama katikati ya ghala, ngozi zimerundikwa mpaka usawa wa kifua chake, nzi wanatua mdomoni mwake. Tangu jana tumboni mlikuwa na kikombe kimoja cha uji wa uwele. Viatu vilivyokuwa vikimbana alivikodi kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mandewa, maana kampuni haikukubali mwanafunzi wa kazi asimame pekupeku mbele ya mteja. Huu ulikuwa mwezi wa tatu wa kujifunza bila mshahara.

"Mama, pole sana. Ng'ombe wako ametutoka. Ugonjwa haukuchagua. Tumekuletea ngozi yake, kama desturi inavyotaka."

"Pole itangulie, mama afuate. Na uso wako uwe wa msibani, si wa mtu aliyeshikwa anaiba."

Kampuni hiyo ya amana ya mifugo ilikuwa na ofisi ya bati mjini Singida, na tangu vita vya Wazungu vilipokwisha ilikuwa imewazungukia wafugaji kijiji kwa kijiji. Haikuja na jambo geni. Watu wa huku huweka ng'ombe kwa mtu wanayemwamini. Mlezi atakunywa maziwa, ng'ombe atabaki wa mwenyewe, na akifa, mlezi ataleta ngozi. Asiyeleta ngozi ni mwizi, hapo hakuna mjadala. Bwana Hadley, mwenye kampuni, alisikia habari hizo akafurahi sana. Tuwekeeni sisi, alisema, baada ya miaka miwili mtarudishiwa ng'ombe na ndama wawili. Kisha akawauza ng'ombe wote kwa bei ya juu, akibahatisha kwamba bei itaanguka naye atanunua wengine rahisi. Bei haikuanguka. Ilipanda, na ng'ombe wa watu walikwisha kupakiwa kwenye treni ya Manyoni zamani. Wenyewe walipoanza kudai, kampuni ikaanza kununua ngozi.

Kazi aliyokuwa akiisomea Kefa iliitwa ukarani wa wateja. Karani huyo hashiki ng'ombe wala fedha. Anashika watu. Ajue majina ya watoto wao, aulize habari za mvua, atukanwe bila kubadilika uso. Funzo la kwanza, Damiani alilomkaririsha kama katekisimu, lilikuwa kwamba salamu ya mteja haiachwi bila kuitikiwa, hata kama ametoka kukutemea mate.

Ili apokelewe mafunzoni, Kefa alitakiwa alete mteja wake mwenyewe. Alimleta Yunisi wa Iguguno, dada wa marehemu baba yake, mjane aliyemlea na kumsomesha mpaka darasa la sita. Yunisi alikuwa na ng'ombe mmoja tu duniani, jike mweupe mwenye mimba, jina lake Nyange. Alimtoa kwa sababu mwombaji alikuwa Kefa.

"Kesho unampelekea ngozi," Damiani alisema. "Ukirudi na alama ya kidole chake kwenye karatasi, Jumatatu una meza na mshahara. Ukirudi bila alama, usirudi."

"Ni shangazi yangu, bwana mkubwa."

"Najua. Mimi nilianza na baba mkwe."

Kefa alipekua rundo lile mpaka akapata ngozi nyeupe. Ilikuwa nyeupe kweli, ila begani haikuwa na kitu. Nyange alipokuwa ndama alivimba bega la kushoto, Yunisi akamchoma kwa chuma cha moto, mistari mitatu, na Kefa mtoto ndiye aliyekumbatia miguu. Basi akapasha moto msumari kwenye jiko la mpishi wa Bwana, akachora mistari mitatu pale pale. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo lililomkera baadaye, kwamba mkono haukutetemeka hata kidogo.

Yunisi alikuwa akipeta uwele uani baiskeli ya kampuni ilipoingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Hao wazungu wako hawapiki?"

"Pole sana, mama," Kefa alianza, na yule mama alishtuka, kwa sababu Kefa hakuwahi kumwita hivyo. Aliyasema yote kama alivyofundishwa. Ugonjwa haukuchagua. Kama desturi inavyotaka.

Yunisi hakulia. Alitandaza ngozi chini, akapiga magoti, akaipapasa kuanzia shingoni. Kiganja kilipofika begani kilisimama. Akainama akanusa. Akakwaruza mstari mmoja kwa ukucha, ukamomonyoka.

"Ng'ombe akichomwa yu hai, kidonda hupona, ngozi ikafunga," alisema taratibu. "Huyu kachomwa keshakufa."

Kefa aligeukia baiskeli.

"Na aliyechoma alipajua mahali. Kwa Nyange tulikuwa watu wawili. Mimi nilishika chuma. Nani alishika miguu?"

"Shangazi, wenzio wote wamepokea. Ukikataa sipati kazi."

"Nikipokea, Nyange amekufa. Sipokei. Waambie hao bwana zako ng'ombe wangu yu hai, na ndama wake nimeshampa jina." Akaikunja ngozi mwenyewe, akaifunga nyuma ya baiskeli, akakaza kamba vizuri. "Barazani nitakwenda."

Alikwenda siku ile ile. Wazee wa baraza walimwuliza karatasi ya kampuni inasemaje. Akasema hajui kusoma. Wakamwambia arudi na karatasi.

Ofisini Damiani aliitazama ngozi, akautazama uso wa Kefa. Alivuta kibweta cha wino mpaka ukingoni mwa meza.

"Kidole chochote," alisema. "Kwenye karatasi hakina mwenyewe."

Njaa ilikuwa imemzidi Kefa, na mwenye viatu alivitaka viatu vyake. Akabonyeza kidole chake.

Jumatatu alikalia kiti chake mwenyewe. Bwana Hadley alipita akampiga bega, akasema wewe kijana mzuri, akabaki mlangoni na kikombe chake cha chai aone anavyoanza. Ile ngozi nyeupe ilikuwa chini ya meza, imekunjwa. Alasiri ilipangiwa mteja mwingine aliyekuwa na ng'ombe mweupe.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa Yunisi, vumbi la Iguguno mpaka magotini. Alishika kibuyu cha kukamulia. Alikiweka mezani, juu ya karatasi.

"Nimefuata maziwa ya ng'ombe wangu," alisema.

Damiani alijitia anatafuta kalamu. Yunisi akarudi nyuma hatua moja, akakunja magoti mbele ya mtoto aliyemlea, kichwa akakiinamisha.

"Shikamoo, bwana karani."

Mlangoni kijiko kiliacha kukoroga chai. Damiani aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake, akamtazama Kefa, akangoja.

"Marahaba," Kefa alisema.