Koti la Jumapili

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, wakazi wa hosteli walipanga foleni kwenye chumba cha kupigia pasi, wakisubiri koti. Lilikuwa koti moja jeusi la vifungo vitatu, na hakuna aliyekumbuka nani alilinunua. Mnene lilimtosha, mwembamba lilimtosha. Jambo hilo halikumkosesha mtu usingizi, maana kila mmoja alikuwa na yake ya kumkosesha. Ulilivaa, ukaketi mbele ya ukuta, ambao ndio pekee uliopakwa rangi, ukapiga simu ya video nyumbani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni kweli, lakini simu ilianzia kifuani kwenda juu, na matako hayakuulizwa.

Aliyekuwa kwenye kiti Jumapili hiyo aliitwa Daktari, kwa sababu udaktari ndio uliomleta nchi hiyo ya mbali. Chuo kilimpokea kwa lugha anayoijua, kikamfundisha kwa lugha asiyoijua, kikamtahini kwa hiyo hiyo, na alipoanguka mara ya pili kikamtakia kila la heri. Sasa alifua shuka za hospitali. Mama yake akimuuliza yuko wapi mchana kutwa, alijibu yuko hospitali, na hapo hakuna wa kumshika uongo. Kurudi nyumbani ndiko kulikomshinda. Mtaa mzima ulimsindikiza kwa vigelegele, na mtu aliyetolewa kwa vigelegele harudi kwa kunyata.

Siku hiyo mama alikuwa na habari. Mdogo wake Daktari wa kike, kitinda mimba wao, fundi wa kushona nguo, alikuwa amepata nafasi katika chuo kile kile. Cherehani yake imepata mnunuzi, atakuja kuichukua mwisho wa wiki.

"Ukiwepo wewe huko," mama alisema, "mimi nalala fofofo."

Daktari alijua la kumwambia. Lilifika mpaka kwenye meno, likageuka.

"Safi, Mama. Aje tu."

Simu ilipokatika, vifungo vilikataa kufunguka.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Injinia, ambaye alisambaza vifurushi kwa baiskeli. Alivuta, akalowesha kwa sabuni, mwisho akaleta mkasi. Kitambaa kilikatika, kikajifunga nyuma ya mkasi kama maji.

"We bwana, hii zamu yangu," alinung'unika, na baba yake si mtu wa kungojeshwa. Basi akaketi ubavuni mwa Daktari, akapenyeza mkono mmoja ndani ya koti na mwenzake akiwa humo humo, akapiga simu. Baba yake alifurahi kuona mtoto amenenepa.

Daktari alilala na koti, akaoga nalo, akaenda nalo kazini. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mtu mzima, alimwambia makoti hayaruhusiwi karibu na mvuke. Akaelezwa kwamba halivuliki. Akaenda kumletea aproni kubwa zaidi, akarudi kwenye mashine zake.

Kulivaa si kitu, taabu lilibana. Kila alipoikumbuka ile cherehani, lilikaza kwapani, mpaka akawa anapumua kwa mafungu kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani. Hakungoja Jumapili. Katikati ya wiki, wakati wa mapumziko, alipiga simu akiwa ameegemea lundo la shuka.

"Mama, mimi si daktari. Chuo kilinitoa zamani. Nafua shuka. Msiiuze cherehani ya mtoto."

Kifungo cha juu kilifunguka chenyewe. Mama alikitazama kifungo, akazitazama shuka, akamtazama mwanawe. Kisha akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi funga kifungo, baba. Jirani anakuja kukuuliza habari za goti lake."

"Mama, na mdogo wangu?"

"Mdogo wako ameshaagwa. Sasa unataka mimi nikasimame mbele za watu niseme nini?"

Daktari akafunga kifungo. Kilifungika kwa ulaini kabisa. Jirani akaingia, mzee yule yule aliyewahi kumchapa kwa kuvunja dirisha lake, akamwita Daktari, tena kwa kuinamisha kichwa. Daktari akamshauri asisimame sana.

Kitinda mimba alifika na sanduku lake. Kaka yake alimweleza yote pale pale kituoni, kabla hawajapata hata pa kukaa. Alisikiliza huku akiitazama mishono ya koti, kwa mazoea ya kazi, akaona haina uzi.

"Ungesema, Kaka."

"Nilisema."

Hakuuliza alimwambia nani. Aliinua sanduku, wakaenda.

Masomo yalianza. Mwalimu alizungumza vizuri sana, na kitinda mimba hakuambulia neno. Jumapili ilipofika, walisimama kwenye foleni pamoja, na zamu yao ilipowadia koti lilimteleza Daktari mabegani bila kuguswa, kama mtu anayeteremka kituo chake. Injinia alishukuru, akasema sasa mambo yatakwenda haraka. Kitinda mimba akalipangusa, akalivaa. Lilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kujishonea.

Mama alitokea kwenye simu, na nyuma yake majirani. Aliuliza kama amempata kaka yake. Amempata. Aliuliza kama masomo yanaingia. Yanaingia. Daktari alisimama kando ya ukuta, nje ya picha, akipumua mpaka mwisho wa pumzi kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na baridi ikimpenya hadi kwenye mbavu.

"Na huko hakuna baridi, mwanangu?" mama aliuliza.

"Hapana, Mama," kitinda mimba alisema, akafunga kifungo cha juu.