Kibanio cha Mkanda

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na hawezi kukiri kwamba kitu kimetokea tu. Alipotunga wimbo wa mwisho wa albamu yake, ule wa mapigo saba, alitukalisha sebuleni akatueleza kwa nini saba ni namba isiyogawanyika na kwa nini akili ya kawaida haiwezi kubeba mwendo ule. Mdogo wake, ambaye ndiye mpiga besi na ndiye anayejua mitambo ya kurekodi, aliitikia kwa kichwa. Radi, dereva wa basi la shule na mpiga ngoma wao, alisinzia. Mimi nilikuwa napindisha ukosi wa shati, nikaendelea.

Chumba cha gita kimepakana na chumba changu cha kushonea, na ukuta wa katikati ni mbao nyembamba. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, nzito, nimeirithi kwa shangazi. Mkanda wake wa ngozi ulikatika zamani, nikauunga kwa kibanio cha chuma, na kila kibanio kinapopita kwenye gurudumu la juu kinagonga, tak. Nimekizoea hata sikisikii tena. Mwenye kulalamika alikuwa mume wangu. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akigonga zile mbao na kuniambia, "Bibie, punguza kelele, watu tunafanya kazi." Mimi, kumbe, nilikuwa nacheza kombolela.

Albamu yenyewe ilikuwa ya gita tupu, jazi iliyochanganywa na roki, haina anayeimba. Alinichosha nayo tangu tukiwa wachumba. Sasa alikuwa na likizo, na shemeji yangu alikuwa ameazima mitambo ambayo lazima irudi Ijumaa jioni. Mume wangu akatamka kwamba safari hii ikishindikana, gita linapanda juu ya kabati na halishuki tena. Nilimcheka. Moyoni niliogopa, kwa sababu mume wangu asiye na gita simjui, na sina hamu ya kumjua.

Jumatatu alikuja na amri: cherehani marufuku mpaka Ijumaa. Maikrofoni hizi zinanasa hata mende akihema, alisema. Nilikubali haraka hata akanitilia shaka. Nilikuwa na mapazia ya ukumbi wa shule yake, yamenichosha mgongo, kwa hiyo nilinyoosha miguu nikanywa chai kama mgeni nyumbani kwangu mwenyewe.

Nyimbo sita za mapigo manne ziliingia bila taabu. Jumatano wakaanza ule wa saba, na hapo ndipo kasheshe. Radi alikuwa akianza vizuri, mara anaangukia kwenye nane. Shemeji akimfuata, gita linabaki peke yake njiani. Mume wangu akaandika namba kwenye karatasi na kuzibandika ukutani, kisha akapotea yeye mwenyewe, mbele ya namba zake. Radi akasema yeye huendesha watoto hamsini wanaopiga kelele na hajawahi kukosa njia, lakini wimbo huu unampoteza kila kona. Wakalaumiana mpaka wakachoka.

Alhamisi mchana niliwapelekea chai nikamkuta mume wangu ameketi juu ya spika, anaitazama mikono yake kama imemtukana. Hakuniona. Iliniuma, siwafichi.

Shemeji akakumbuka kwamba alirekodi mazoezi ya mwezi uliopita kwa simu. Akaiwasha ili wasikie walikuwa wakifanya nini. Wimbo ulitiririka vizuri, wote watatu wamo ndani yake bila kuhesabu. Walitazamana, hawaelewi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na mguu wangu wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu wenyewe. Nyuma ya gita, mbali kidogo, niliisikia tak. Nikahesabu mishono saba. Tak. Mishono saba. Tak.

Basi ile namba isiyogawanyika, iliyotolewa mhadhara sebuleni, ilikuwa imetoka kwenye kibanio changu.

Mke mwema angesema palepale. Mimi nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha kimoja kimoja, nikacheka ndani ya beseni. Nilipanga kumwacha ateseke mpaka asubuhi. Nilipofika kikombe cha tatu nikaikumbuka ile mikono, nikajifuta maji, nikaenda kukaa kwenye cherehani.

Walikuwa wameanza tena kukosea. Nikakanyaga.

Haikupita dakika, mbao zikagongwa. Nikaendelea. Zikagongwa mara ya pili, na pigo lake likaangukia juu ya tak. La tatu pia. La nne hakuligonga. Ng'ambo ya pili nikasikia sauti ya mume wangu ikihesabu polepole, na mlango wangu ukafunguka.

Walisimama wote watatu. Mume wangu alikuja moja kwa moja, akanivua futi shingoni, akapima mkanda, akapima na gurudumu la juu, akagawanya kichwani. Jibu, saba kamili, lilipompata aliketi kwenye kigoda. Radi alicheka mpaka akakalia nguo nilizokwisha kuzipiga pasi.

"Naomba," mume wangu akasema, akiviringisha futi mkononi.

"Unaomba nini? Sema vizuri, Radi asikie."

"Naomba upige kelele."

Nilimpa sharti moja tu: mimi ndiye nitakayeanza na mimi ndiye nitakayemaliza. Akakubali bila kuuliza maana yake, na mtu wa hesabu alipaswa kuuliza.

Ijumaa asubuhi walibeba cherehani huku wakiguna, wakaiweka katikati ya gita na ngoma, maikrofoni moja chini ya kanyagio. Mimi nikaja na pazia la jukwaa, mshono wa mita tisa. Wimbo ulipangwa dakika tano. Nilikanyaga, tak, na wote wakaingia kama watu waliorudi kwao.

Dakika ya tano mume wangu akanipa ishara ya kichwa kwamba tumalize. Nikamwonyesha kitambaa kwa macho. Nusu bado, na fundi haachi mshono katikati. Aliona lile rundo la pazia, akaelewa sharti langu, akafumba macho. Kuanzia hapo alipiga vitu ambavyo hakuwa ameviandika popote, akawa anauliza kwa gita na mimi najibu kwa mguu. Nililia. Machozi yalidondokea pazia la shule, na mwalimu mkuu hajui mpaka leo.

Dakika ya kumi na mbili mshono ukafika mwisho. Nikakata uzi kwa meno. Hakuna aliyesogea, na mtambo ulikuwa bado unarekodi.

"Shona tena," mume wangu akasema.

Shemeji hakulifuta neno hilo. Katika albamu nzima sauti za watu zipo hapo tu, mwishoni kabisa, na ukiongeza sauti kidogo utanisikia namwambia asubiri, bobini imeisha uzi.